Lisemwalo Lipo? Uaminifu wa Habari za Mieleka Mtandaoni

Mieleka ya kulipwa ya Marekani ni sanaa iliyojengwa juu ya siri. Mshindi hupangwa kabla ya kengele kugongwa, uadui hutungwa, na jina la mwanamieleka aghalabu ni la kubuni. Siri hiyo, ambayo wenyewe huiita keifebu, ilifumbuliwa na kampuni ya Vince McMahon yenyewe mwaka 1989, ilipokiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kuwa mchezo wake ni burudani, ili iepukane na kanuni na kodi za michezo ya ushindani.

Penye siri hapakosi mpekuzi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 Dave Meltzer alikuwa akitoa Wrestling Observer, jarida lililopelekwa kwa wasomaji kwa njia ya posta. Intaneti ilipoenea, jarida likahamia huko, na waandishi wengine wengi wakazuka. Swali letu ni hili: tuwaamini kwa kipimo gani?

Wako wanaompima mwandishi kwa utabiri wake: nani atatwaa mkanda, nani atahama kampuni. Kipimo hiki hatukikubali. Anayepanga matokeo aweza kuyapangua siku ile ile ya pambano, pengine kwa sababu tu yamevuja. Mwandishi akipatia, husifiwa. Akikosea, husema mpango umebadilishwa, wala hapana awezaye kumkanusha. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika uwanja huu methali hiyo imegeuzwa kichaka cha kujifichia.

La pili ni mtoa habari. Katika mieleka, mwenye siri ndiye huyo huyo mtunzi wa hadithi, naye ana maslahi katika kinachoandikwa. Mwandishi asiyetueleza mtoa habari wake amesimama upande gani, kama ni mwanamieleka anayetaka mkataba mnono au kampuni inayotaka kumshusha thamani, huwa mhusika katika mchezo anaouripoti, pengine bila ya kujijua.

Tutazame yaliyotokea Montreal tarehe 9 Novemba 1997. Bret Hart, aliyekuwa akihamia kampuni ya upinzani, alipokonywa ubingwa kwa kengele iliyogongwa kwa amri ya McMahon, ilhali hajasalimu amri. Wengi walidhani ni hadithi nyingine ya kutungwa. Lililowapa nguvu waliosema ni usaliti wa kweli halikuwa wingi wa minong'ono, bali filamu ya mwaka 1998, Hitman Hart: Wrestling with Shadows. Ndani yake inasikika sauti ya McMahon, iliyonaswa kwa kipaza sauti alichokificha Hart, akikubali pambano limalizike kwa namna nyingine kabisa.

Kinyume chake ni msiba wa Juni 2007. Tarehe 25 polisi walimkuta Chris Benoit, mkewe Nancy na mwana wao wa miaka 7 wamekufa nyumbani kwao Georgia. Usiku ule kampuni ilirusha kipindi cha saa 3 cha kumuenzi Benoit, kisha ikabainika kuwa yeye ndiye aliyewaua, akajiua. Ikagunduliwa pia kwamba saa zipatazo 14 kabla ya miili kupatikana, mtu asiyejitaja jina alikwisha kuandika katika Wikipedia kuwa Nancy amefariki. Baadaye mtu huyo alieleza kuwa alifuata uvumi na kubahatisha tu. Hapa lisemwalo lilikuwepo kweli, lakini msemaji hakuwa na elimu nalo. Kupatia si kujua.

Hatusemi kwamba waandishi wote wa fani hii ni wabahatishaji. Taazia ndefu za Meltzer zimehifadhi maisha ya wanamieleka ambao pengine wangesahauliwa. Lakini habari nzito ya Juni 2022, kwamba bodi ya WWE ilikuwa ikichunguza malipo ya siri ya dola milioni 3 ambayo McMahon alikubali kumlipa mfanyakazi aliyeondoka, aliyedaiwa kuwa na uhusiano naye, ilitolewa kwanza na gazeti la biashara, Wall Street Journal. Gazeti hilo halikutabiri lolote. Liliegemea hati na watu walioufahamu uchunguzi. McMahon alitangaza kustaafu mwezi uliofuata, akarudi mwaka 2023, akaondoka tena Januari 2024.

Msomaji wa habari hizi, basi, na aulize kwanza mwandishi ameona nini, ameambiwa nini na nani, na lipi analikisia. Ushindi ulingoni ni wa kutungwa, lakini shingo zinazovunjika, mikataba inayosainiwa na wanawake wanaonyamazishwa si hadithi. Wanaodhulumika humo wanastahili mwandishi anayeweza kuthibitisha asemalo.