Namna ya Kuitambua Programu Nzuri ya Simu kwa Mwenye Ugonjwa Sugu

Ukipewa programu ya simu ya wenye kisukari uikague, rangi na michoro yake iache kwanza. Zima data, fungua sehemu ya kuandika vipimo, andika 2.9, kisha tulia utazame. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kinachotumika katika kliniki za Kenya na Tanzania, sukari ya chini ya 3.9 imeshuka, na chini ya 3.0 imeshuka vibaya: mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanampotea. Programu mbovu itampongeza kwa kupima leo na kumwongezea pointi. Iliyo dhaifu itamwambia asubiri mtandao. Ile iliyosanifiwa na mtu anayeijua kazi yake itaondoa kila kitu kwenye skrini na kubakiza maagizo mafupi kwa herufi kubwa: kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Chini yake kiwepo kitufe kimoja cha kumpigia ndugu uliyemchagua siku ulipokuwa mzima. Mkono unaotetemeka hauwezi kusaka menyu.

Hapo hapo pana mtego unaowatenga mafundi na wababaishaji. Baadhi ya mashine za kupimia sukari husoma kwa miligramu kwa desilita, na milimoli 1 kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita. Ukiandika 110 mahali pa milimoli, programu yenye akili kidogo itakataa. Lakini jaribu 25. Kwa milimoli, hiyo ni sukari iliyopanda mno. Kwa miligramu, ni ya mtu anayekaribia kuzirai. Namba ni ileile na tiba zinapingana. Programu bora haibahatishi. Inauliza, na kizio inakiandika pembeni mwa kila namba, hata kwenye grafu.

Presha nayo ina kipimo chake cha ustadi. Anayepima nyumbani anatakiwa akae ametulia dakika 5, miguu haijapishana, mkono umeegemezwa, apime mara mbili akipumzika dakika moja katikati. Programu inayopokea namba moja na papo hapo kukuwekea alama nyekundu imesanifiwa na mtu aliyesoma kuhusu presha bila kumwona mtu akipimwa. Nzuri itakuhesabia zile dakika 5, itachukua vipimo viwili na kutoa wastani, kisha ikusubirishe siku kadhaa kabla ya kusema lolote kuhusu mwenendo wako.

Sasa tuje kwenye saa, ambako wengi huanguka. Menyu zimetafsiriwa vizuri kabisa, halafu ukumbusho unasema: "Meza dawa saa 8:00 asubuhi." Kwa mama wa Tanga hakuna saa nane ya asubuhi. Saa nane zake ni za mchana na za usiku, na dawa iliyosogea saa 6 kila siku si ile iliyopangwa na daktari. Msanifu makini humwachia mtumiaji achague anavyohesabu saa, na zaidi ya hapo humruhusu aifunge dawa kwenye mambo ya siku yake: baada ya chai, baada ya Magharibi, kabla ya kulala. Kisha aulizwe kuhusu Ramadhani. Ratiba ya vidonge vitatu kwa siku inapobidi iingie kati ya futari na daku, hilo ni jambo la kupanga na daktari mapema, na programu inayofaa Mombasa au Unguja humkumbusha mtumiaji kwenda kliniki kabla ya mwezi kuandama. Inajua pia kwamba kutoboa kidole ili kupima hakufunguzi, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, mwongozo wa kitabibu unamtaka mtu afungue.

Ukumbusho wenyewe uujaribu kwa ukatili. Simu nyingi za Android za bei nafuu huzima programu zisizo mbele ya skrini ili kuokoa betri, na kengele ya dawa hufa nazo kimyakimya. Weka kengele ya alfajiri, zima simu, iwashe, ilaze pembeni. Kama haikulia, mengine yote ni mapambo.

Kuhusu macho na vidole nitasema machache, kwa kuwa jaribio lake ni jepesi. Kisukari cha miaka mingi huharibu retina na kutia ganzi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho, rudi kwenye programu. Mara nyingi utakuta kitufe cha "Hifadhi" kimesukumwa nje ya skrini. Google wenyewe huwashauri wasanifu wa Android wasiweke kitufe chenye upana wa chini ya milimita 9 hivi, na bado utaona vitone vya kubonyezwa kwa ncha ya ukucha.

Chakula nacho kina hila zake. Kuongeza ugali, muhogo, wali wa nazi na mandazi kwenye orodha ni kazi ya siku moja, na wengi huishia hapo wakijisifu. Ugumu uko kwenye sinia. Watu watano wanakula pamoja, na programu inamtaka mmoja wao aandike gramu alizokula! Atakachoandika ni uongo wa adabu. Afadhali imuulize alikula tonge ngapi, au kama leo alikula kidogo, kama kawaida, au zaidi.

Na hapa ndipo penye ubora ninaouthamini kuliko wote: programu isiyomfundisha mgonjwa kudanganya. Mtu ataishi na maradhi haya miaka 30. Kuna siku atasahau dawa, kuna mwezi hatakuwa na fedha za vipande vya kupimia. Programu inayomhesabia siku mfululizo na kuzifuta zote kwa kosa moja itapata rekodi safi, kwa sababu ataanza kubonyeza "Nimemeza" bila kumeza. Daktari naye ataongeza dozi akiamini ile ya kwanza imeshindwa.

Mfano ninaoupenda haukuhitaji hata simu janja. Katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2010, watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Mtu alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Waliopata ujumbe huo walizingatia dawa kuliko wenzao, asilimia 62 dhidi ya 50. Tazama usanifu ulivyo: swali halitaji ugonjwa, kwa hiyo yeyote akishika simu hiyo hajui lolote. Kukiri shida hakuna adhabu, na nyuma ya neno hilo yupo mtu. Programu nyingi za leo zina grafu za kupendeza na hakuna anayezisoma.

Nayo programu ya kisukari ya mySugr, iliyoanzishwa Vienna mwaka 2012 na kundi lililokuwa na watu wenye kisukari ndani yake, iliugeuza ugonjwa kuwa zimwi la kufugwa. Wazo hilo Mswahili analielewa bila kufafanuliwa, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Linalogombezwa ni zimwi, si mgonjwa.

Omba pia ripoti ya kupeleka kliniki. Iwe ukurasa mmoja, inayoweza kunakiliwa kwenye daftari la mgonjwa kwa dakika mbili. Muuguzi mwenye foleni mlangoni hatafungua kurasa 14.

Mwisho ni siri. Arifa inayosema "Muda wa ARV zako" juu ya skrini iliyofungwa, katika nyumba ambamo simu hupita mkono kwa mkono, inaweza kuvunja ndoa. Maneno ya arifa ayachague mtumiaji mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo kabla hujaandika kipimo chako cha kwanza, tafuta kitufe cha kufuta akaunti pamoja na kumbukumbu zake. Usipokiona, iondoe programu hiyo kwenye simu yako, hata kama majaribio mengine yote imefaulu.