Ngao ya Athens na mikono iliyoitengeneza

Ngao ya hopliti, yule askari wa miguu wa Athens ya kale, huanzia kwenye mti laini. Fundi huchagua mpopla au mwerebi, miti ipendayo kando ya maji, kwa kuwa ubao wake ni mwepesi na mkuki ukiuchoma haupasuki ovyo. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika kwamba ubao wa mwerebi ukitobolewa hujifunga.

Mbao hugandishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi mpaka upana ukaribie sentimita 90, kisha hufungwa kwenye kerezo. Msaidizi anazungusha, fundi ameshika patasi. Katikati ya ngao ubao hupunguzwa mpaka zibaki milimita chache tu. Pembeni, pale bakuli lake linapopinda kuelekea ukingoni, huachwa mnene zaidi, maana hapo ndipo ngao hulegea kwanza ikipigwa, na hapo ndipo itakapoegemea bega la mwenyewe. Unene huo jicho haliuoni vizuri. Fundi husimamisha kerezo, akapapasa ndani na nje kwa vidole, akaendelea. Akikwangua kupita kiasi, hakuna cha kurudisha.

Kisha huja zamu ya mfua shaba. Ngao nyingine ziliishia kuvishwa ukingo tu; zilizo bora zilivishwa shaba uso mzima, jani lisilofika milimita moja. Shaba hiyo imechanganywa na bati, na kila inapopigwa hukakamaa. Mwenye pupa ataipasua. Mwenye subira huirudisha motoni ilainike, akaipiga tena kwa nyundo nyepesi akifuata duara, na hurudia hivyo mpaka jani likae juu ya mbao bila kuacha nafasi. Ncha zake hukunjwa nyuma ya ukingo.

Ndani hubandikwa ngozi. Halafu hufungwa vishikio viwili, nami navistaajabia kuliko yote: katikati mkanda wa shaba wa kupitishia mkono hadi kiwiko, na karibu na ukingo kamba ya kukamatia. Kwa mpango huo kilo saba hivi hubebwa na mkono mzima na bega, si kiganja peke yake. Nusu ya kushoto ya ngao hutokeza nje ya mwili wa mwenyewe na kumkinga jirani yake. Mwanahistoria Thucydides alieleza kwamba majeshi yakisonga mbele yalielemea kulia, kila mtu akijibanza kwenye ngao ya mwenzake. Safu nzima ilisimama juu ya kazi ya mkereza.

Na wakereza hao wengi walikuwa watumwa. Mwaka 404 KK, watawala Thelathini wa Athens waliponyang'anya mali ya Lysias na kaka yake Polemarchus, wenye karakana ya ngao, walichukua ngao 700 na watumwa 120. Lysias alizitaja hesabu hizo mahakamani. Jina la mtumwa hata mmoja hakulitaja.

Katika makumbusho ya Agora, Athens, ipo ngao ambayo Waathene waliiteka kutoka kwa Wasparta huko Pylos mwaka 425 KK. Mbao zimeoza, shaba imebaki na maandishi ya washindi yaliyochongwa juu yake. Ukifika huko, soma maandishi hayo, kisha itazame kwa makini shaba yenyewe, ilivyokuwa nyembamba. Aliyeifua anastahili heshima sawa na walioiteka.