Hongera, Mabibi wa Buluk

Maaskofu wana fimbo zao na wachungaji wana kanzu zao, lakini Ukristo wa Juba umebebwa na mabibi. Jumapili asubuhi utawaona Buluk, mtaa wa makao makuu ya polisi: lawa, lile shuka la akina mama, imefungwa begani, kitabu cha nyimbo kiko ndani ya mfuko wa nailoni, mkono mmoja umemshika mjukuu. Sadaka ya mtoto imefungwa kwenye pindo la nguo, maana akipewa mapema itaishia kwenye pipi.

Kazi hii hawakuianza jana. Mwaka 1960 serikali ya Sudan ya Jenerali Abboud iliondoa mapumziko ya Jumapili huko kusini, Sudan Kusini ya leo, ikaweka Ijumaa, wanafunzi wakagoma. Mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni. Kanisa likabaki mikononi mwa wenyeji: wachungaji wachache, makatekista, na akina mama waliofundisha sala jikoni, na baadaye katika kambi za wakimbizi, Kakuma nchini Kenya na Uganda.

Mjukuu anaombewa nini? Asome. Asishike bunduki. Na zaidi ya yote, yeye ndiye amzike bibi, si bibi amzike yeye. Papa Francis na Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, walipofika Juba Februari 2023, waliombea amani hiyohiyo, ambayo mabibi walikuwa wakiipigia magoti tangu zamani.

Hongereni, mabibi. Na makanisa yanayotafuta walimu wa shule ya Jumapili yaanze kwao, tena yawape walau nauli.