Kiota husomwa kutoka chini

Wiki hii simu za mji wetu wa Baraka zimejaa video ya pisteri, mfuatilia nyayo za wanyama, anayesifiwa kwa kuwasogeza wageni hadi sokwe mtu wakawa wa kuguswa kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyevaa barakoa. Watu wanaandika "fundi huyo!" na mimi damu inanichemka. Kule hifadhi ya Mahale, Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, ni mita 10, barakoa usoni, saa moja, basi, kwa sababu mafua ya mtu yanaua sokwe. Kumsogeza mgeni ni kazi ambayo hata mtoto anaiweza.

Pisteri hupimwa kwenye kiota. Kila jioni sokwe hukunja matawi na kutandika kitanda kipya, kwa hiyo anayekijua kiota cha usiku wa kuamkia leo anajua pa kuanzia. Kijana mmoja aliwahi kutuapia kwamba tulichokiona kilikuwa cha usiku uleule. Majani yalikuwa ya kahawia na anga lilionekana katikati yake. Wageni wakapiga picha, wakampa bakshishi.

Mzee aliyenifundisha, Mbembe aliyevukia Kigoma wakati wa vita, hakuwa akianza kwa kuinua macho. Aliingia chini ya mti kwa kuinama, akavuta pumzi puani. Sokwe akiamka alfajiri hukojoa na kunya akiwa bado juu, na harufu ile ni kali, haikubali kufichwa na unyevu wa majani. Kisha mzee alitafuta mavi, akayapasua kwa kijiti taratibu kama mtu anayechambua mchele. Ndipo akatazama juu kuhakikisha kwamba majani ni mabichi.

Katika msitu wa Itombwe, upande wetu, kazi ni ngumu zaidi, maana gorila na sokwe mtu wanaishi msitu mmoja. Kiota cha ardhini aghalabu ni cha gorila. Cha mtini, tulia kwanza, kwani gorila naye hupanda.

Mengine hayana mjadala. Pisteri wa kweli haongei akitembea. Panga lake halisikiki. Asiyeona alama hukaa kimya. Anayesema "wamepita sasa hivi" kila baada ya hatua kumi, mlipe umrudishe nyumbani.

Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, wenyeji akina Rashidi Kikwale walimwongoza kwa macho, masikio na pua. Wazee wa aina hiyo wanazidi kupungua, na vijana wanangoja kuelekezwa kwa redio.

Siku moja, ndani ya mavi ya chini ya kiota, mzee wangu alinionyesha mbegu za mabungo, kubwa, zikiwa nzima. Hakufuata nyayo tena. Alifuta kijiti kwenye nyasi, akaiacha njia ya wageni na kuteremkia korongoni kwenye mibungo. Kabla jua halijawa kali, tukawasikia sokwe wakiitana.