"Wapenzi Wasikilizaji": Uhakiki wa Tamthilia ya Sauti *Wolf 359*

Wahakiki wetu wamezoea kuipima tamthilia kwa jukwaa na kwa kitabu. Ile inayosikika tu huachiwa watangazaji, kana kwamba haimo katika fasihi. *Twende na Wakati*, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, umeshughulikiwa zaidi na watafiti wa afya ya jamii kuliko na wahakiki wa fani. Katika makala haya tunakusudia kuutetea utanzu huu kwa mfano wa mbali, ambao twaupenda bila kificho: *Wolf 359*, tamthilia ya kubuni kisayansi ya Gabriel Urbina, iliyotolewa kwa njia ya podikasti kati ya 2014 na 2017 katika vipindi 61.

Mandhari ni kituo cha anga kiitwacho Hephaestus, kinachoizunguka nyota nyekundu hafifu iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 8 kutoka duniani. Mwanzoni wakazi wake ni wachache: Kamanda Minkowski, mshika taratibu, Dakta Hilbert, mwanasayansi, Doug Eiffel, afisa wa mawasiliano, mvivu na mpenda mzaha, na Hera, akili unde inayoendesha kituo.

Tatizo kubwa la mtunzi wa sauti ni hili: nani anasema, na kwa nini? Katika michezo mingi ya redio, yetu ikiwamo, mhusika humweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanaliona, ili sisi tusioona tupate habari. Urbina amelikwepa tatizo hilo kwa hila nyepesi. Eiffel analazimika kurekodi taarifa za kazi yake. Anaposimulia, basi, anatimiza wajibu. Na kwa kuwa wajibu haupendi, usimulizi wenyewe unatufunulia tabia yake. Huwahutubia watu asiowajua kwa maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari: wapenzi wasikilizaji. Mwanzoni huo ni utani wa mtu mpweke. Hatimaye inadhihirika kwamba huko nje wako wanaosikiliza kweli, na viumbe hao wanaitwa kwa jina hilo hilo. Salamu ambayo watangazaji wetu huitamka bila kuifikiria imekuwa jina la mhusika na kiini cha mgogoro. Hatujui mchezo wa jukwaani unaoweza kufanya hivyo, kwa sababu hadhira ya jukwaani huonekana.

Hera naye anastahili kutuliwa. Jukwaani angehitaji sanduku lenye taa. Katika filamu angehitaji kioo. Hapa hana mwili, lakini na wenzake pia, kwetu sisi, hawana. Wote ni sauti. Kwa hiyo swali la kama Hera ni mtu hujibiwa na sikio kabla akili haijaanza kubishana, na sauti yake inapokatika na kukwama, tunasikia maumivu kabla ya kukumbuka kuwa ni mtambo. Michaela Swee ameimudu nafasi hii kwa ustadi mkubwa. Kinyume chake, Zach Valenti anawaigiza Eiffel na Hilbert peke yake, huyu wa pili kwa lafudhi ya Kirusi, na asiyesoma orodha ya waigizaji hawezi kukisia kwa urahisi. Walimu wa fonetiki wangepata hapa kazi ya muhula mzima.

Kazi hii haikosi kasoro. Mizaha ya Eiffel inaegemea mno filamu za Kimarekani, na mwanafunzi wetu ataachwa nje ya baadhi yake. Msimu wa mwisho umejaa maadui na siri kupita kiasi, hata ule upweke wa mwanzo, ambao ndio utajiri wake, unasongwa. Hata hivyo tungependa kuiona katika kozi zetu za drama, ikisikilizwa darasani taa zikiwa zimezimwa, kisha wanafunzi waandike mchezo wa sauti wa Kiswahili ambamo hakuna mhusika anayemwambia mwenzake anachokiona.

Anayetaka kuianza asiviruke vipindi vya mwanzo kwa kudhani ni vichekesho tu. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, wakati wa Krismasi, mambo hubadilika ghafla, na pigo hilo humwuma yule tu aliyekwisha kucheka pamoja nao.