Kiti cha Kubembea cha Kapteni Lee

Frances Glessner Lee alimpa seremala wake, Ralph Mosher, sharti ambalo wapenzi wa vyumba vidogo bado wanalisimulia. Kiti kidogo cha kubembea alichomwagiza, kikivutwa nyuma kisha kikaachiwa, kilitakiwa kibembee mara zile zile ambazo kiti kikubwa cha kweli hubembea kabla ya kutulia. Na kiti chenyewe kingekaa ndani ya sanduku lenye kioo mbele, mahali ambapo mtazamaji hapeleki mkono. Kibembee sawasawa au kisibembee kabisa, nani angejua?

Nalichambua sharti hilo kwa sababu ndani yake mna karibu kila kinachomtatiza mtu anayejenga nyumba za wanasesere. Wengi wetu tukianza tunadhani kazi ni kupunguza tu: pima meza, gawa, kata, gundisha. Lee alijua kwamba vitu havipungui kwa mwendo mmoja, na kwamba vingine havikubali kupungua hata kidogo. Ufundi wote uko hapo, katika kuamua utafanya nini na kile kinachokataa.

Lee alizaliwa Chicago mwaka 1878 katika familia iliyotajirika kwa mashine za kilimo. Chuo kikuu hakwenda. Wasichana wa tabaka lake walifunzwa kushona, kufuma na kupamba nyumba, na yeye aliyashika hayo barabara. Miaka mingi kabla ya vyumba vyake maarufu alikwisha kumtengenezea mama yake sanamu ndogo za wanamuziki wa okestra ya Chicago, wote 90, kila mmoja na ala yake. Rafiki wa kaka yake, daktari George Burgess Magrath, alikuwa mchunguzi wa vifo Boston, na kwake Lee alijifunza jinsi ushahidi unavyopotea: askari anaingia, anakanyaga damu, anahamisha kiti, anapitisha kidole kwenye tundu la risasi. Mwaka 1931 fedha zake zilisaidia kuanzisha mafunzo ya tiba ya sheria Harvard, na mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire wakampa cheo cha kapteni. Katika miaka hiyo ya 1940 ndipo alipojenga vyumba alivyoviita Nutshell Studies of Unexplained Death. Ni visa vya vifo vya kutatanisha, vilivyofumwa kutoka matukio ya kweli na kupewa majina ya kubuni, ili wapelelezi wajifunze kutazama. Vyumba 18 viko Baltimore, katika ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo wa jimbo la Maryland, na bado vinafundishia.

Skeli yake ni ile iliyozoeleka kwenye nyumba za wanasesere, inchi moja kwa futi moja, yaani moja kwa kumi na mbili. Mlango wa futi saba unakuwa wa inchi saba. Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Lakini urefu ukigawanywa kwa 12, eneo linagawanywa kwa 144 na ujazo kwa 1,728. Kiti cha kilo tano, kikichongwa kwa mbao ile ile, kinabaki na uzito usiofika gramu tatu. Uzito huo ni mdogo mno kukitawala kiti. Punje ya mchanga chini yake, gundi iliyovimba kwenye kiungo, ubao wa sakafu uliopinda kidogo, chochote kati ya hivyo kinatosha kukisimamisha. Tena kuna kasi. Muda wa mbembeo mmoja hupungua kwa kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo kiti kidogo kinakwenda haraka kuliko kikubwa kwa karibu mara tatu na nusu. Kasi hiyo seremala hawezi kuibadilisha sana bila kuvuruga vipimo. Idadi ya mibembeo anaiweza: atapiga msasa upinde wa chini mpaka uwe laini kabisa, atasawazisha sakafu, ataongeza au kuhamisha uzito mahali pasipoonekana. Sharti la Lee liliangukia palepale penye uwezekano.

Na faida yake, ingawa hakuna atakayekigusa, inaonekana kwa macho. Kiti kilichosawazishwa mpaka kikabembea vizuri ndicho kinachotulia vizuri. Kinaegemea nyuma kwa pembe ile ambayo jicho limeizoea sebuleni. Kiti ambacho uzito wake umekosewa huinama mbele kidogo, au hulala mno, na mtazamaji anahisi kwamba chumba kina kasoro bila kujua iko wapi. Nimeona vyumba vingi vilivyojengwa kwa uangalifu mkubwa vikiharibiwa na samani zinazoonekana kama zinaelea. Mara nyingi tatizo ni hilo la uzito, na vipimo vyenyewe havina kosa.

Kitambaa ndicho kikaidi kuliko vyote. Pamba ya kawaida yenye unene wa nusu milimita, ukiipeleka kwenye chumba cha skeli hii, inakuwa kama kitu cha unene wa milimita sita. Hilo ni zulia. Litundike dirishani kama pazia na litasimama limetanuka kama sketi yenye wanga, kwa kuwa halina uzito wa kulivuta chini. Mafundi hutafuta hariri nyepesi, leso kuukuu zilizofuliwa mpaka zikachakaa, lesi ya nguo za watoto. Kisha hulowesha kitambaa kwa wanga au gundi iliyozimuliwa, hukibana kwa pini juu ya ubao ili mikunjo ishuke wima, na kukiacha kikauke kikiwa hivyo. Pazia la namna hiyo haliwezi kufunguliwa tena. Linabaki limeganda, na ndilo pazia pekee linaloaminika.

Lee alifuma soksi za maiti zake mwenyewe, akitumia pini za kushonea badala ya sindano za kufumia. Ukizitazama kwa karibu, vishono bado ni vinene kuliko vya soksi halisi, haiwezekani kuwa vinginevyo kwa uzi wowote unaoweza kushikika mkononi. Hata hivyo vinaaminika, kwa sababu vimefumwa. Vinanyooka kwenye kifundo na kujikunja kisiginoni kama kitu kilichofumwa kinavyofanya. Angekata soksi kutoka kitambaa chembamba na kukigundisha mguuni, vipimo vingekuwa sahihi zaidi na soksi ingekuwa ya uongo zaidi. Mara nyingi kuiga jinsi kitu kilivyotengenezwa kunazaa ukweli kuliko kuiga ukubwa wake. Kwenye sigara alifanya vivyo hivyo. Zilisokotwa kwa mkono kwa tumbaku halisi, kisha zikachomwa kidogo.

Tazama chumba kiitwacho Kitchen. Mwanamke, Barbara Barnes katika kisa, amelala sakafuni kando ya jiko la gesi. Kwenye sinki kuna viazi vilivyomenywa nusu. Kuna ubao wa kupigia pasi, na kuna kifimbo cha kusukumia donge mezani. Nyufa za milango zimezibwa kwa karatasi za gazeti. Mpelelezi anaanza kujiuliza: mtu aliyeamua kufa anamenya viazi vya nini? Swali hilo haliwezi kuzaliwa iwapo viazi havionekani kuwa viazi, au iwapo jiko lote linang'aa kama la dukani. Hapa ndipo Lee alipowazidi wajenzi wengi. Vyumba vyake vingi si vya matajiri wenzake, na kila kitu ndani yake kina umri. Linoleamu imechubuka pale watu wanapopita na ukuta umeingia weusi karibu na jiko. Alidai milango ifunguke, vitasa vifanye kazi, mitego ya panya ifyatuke. Gharama ya chumba kimoja ilikaribia ile ya kujenga nyumba ya kawaida ya wakati ule. Mosher alikuwa seremala wa kazi hiyo kwa miaka, na alipofariki mwanawe Alton akaishika.

Kumweka mtu ndani ya chumba ni uamuzi mgumu, na wajenzi wakubwa wametofautiana. Mwanasesere akisimama katikati ya sebule nzuri, mara moja sebule inageuka kuwa ya kuchezea: uso wake ni mgumu na nywele ni nene, na kwa kuwa mtazamaji anamngoja asogee na yeye hasogei, udanganyifu wote unabomoka. Narcissa Niblack Thorne, Mmarekani mwingine wa Chicago, alilitatua hilo kwa kutoweka watu kabisa. Vyumba vyake 68 vilivyoko Art Institute of Chicago, vilivyotengenezwa miaka ya 1930 hadi 1940 na mafundi aliowaajiri, havina hata mtu mmoja. Kuna miwani iliyoachwa juu ya kitabu, kazi ya kushona iliyowekwa chini, na unahisi mwenye nyumba ametoka sasa hivi. Lee aliingia kwa mlango mwingine. Watu wake wamekufa, na maiti haitarajiwi kusogea. Alitumia vichwa na viungo vya kauri vya wanasesere, akajaza miili, akaipa uzito kwa risasi ndogo za bunduki ya upepo ili ilale sakafuni kwa kulemea, akaingiza waya pale mwili ulipotakiwa uwe umekakamaa. Rangi ya ngozi ni ushahidi: aliyekufa kwa sumu ya gesi ana wekundu usoni, na damu iliyotuama chini ya ngozi inaonyesha kama mwili ulihamishwa.

Kwa upande wa mwanga, nadhani Thorne ndiye mwalimu. Mwanga nao una ukaidi wake. Balbu ya milimita tano ndani ya chumba cha skeli hii ni sawa na balbu ya sentimita sita, yaani ile ya kawaida nyumbani, na bado waya wake unaonekana mnene kama bomba. Thorne aliiweka taa nje. Mwanga unaingia dirishani kama wa jua, wakati mwingine kutoka bustani iliyochorwa nyuma, wakati mwingine kutoka chumba cha pili ambacho unakiona kipande tu kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Dirisha lenyewe huenda hulioni. Unaona mwanga wake umelala kwenye sakafu ya ukumbi na unajua kuna nyumba nzima huko ndani. Vyumba vya Lee vilikuwa na balbu za zamani zenye joto, na joto hilo lilikuwa likiviharibu pole pole. Vilipoandaliwa kwa maonyesho ya Smithsonian mjini Washington mwaka 2017, wahifadhi waliziondoa wakaweka taa za LED, na kazi kubwa ikawa kuzipa rangi ile ile ya manjano ya balbu za zamani. Mwanga mweupe wa LED ungebadilisha rangi ya ngozi za maiti, na wekundu ambao mpelelezi anautafuta usingeonekana.

Maji ndiyo yaliyowashinda wote. Nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, aliyoisanifu Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ina mabomba yanayotoa maji, vyoo vinavyovuta, lifti, umeme na chupa ndogo zenye mvinyo halisi. Mafundi na wasanii wapatao 1,500 walishiriki. Naistaajabia sana kazi ile. Lakini tone la maji lina ukubwa wake na halijali skeli. Tone la milimita nne likining'inia kwenye bomba dogo linaonekana kama mpira wa sentimita karibu tano unaoning'inia kwenye bomba la kweli. Bomba likiwa kavu linaaminika kuliko likifunguliwa. Wajenzi wa leo humimina rezini angavu ndani ya beseni na kuiacha igande, na maji hayo yasiyosogea ndiyo yanayoonekana kama maji.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani, ningemshauri aache kasri na majumba ya kifahari, achukue pembe moja ya chumba anachokijua kama kiganja chake: meko, kona ya cherehani, baraza yenye mkeka. Atafute mbao zenye mishipa ya karibu karibu. Mninga, pamoja na uzuri wake wote kwenye kitanda cha kweli, mishipa yake inaonekana mipana mno ikipunguzwa. Mpingo una mishipa laini ila unahitaji vifaa vikali na subira. Kadibodi ngumu iliyopakwa rangi vizuri inashinda mbao mbaya. Rangi isiyong'aa ni bora, kwa kuwa mng'ao wa vanishi nao haupungui na unafichua unene wa brashi.

Uchafu upakwe mwisho kabisa, baada ya kila samani kupata mahali pake. Chai iliyokolea au rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana inatosha, kwa brashi kavu. Lakini kabla ya hapo mlango uwe umekwisha kutiwa bawaba na kufunguliwa mara kadhaa. Mahali ambapo mkono hushika, ukuta ambao kitasa huugonga, kipande cha sakafu ambacho mlango hukikwaruza, hayo hayajulikani mpaka mlango umefunguka.