Mkopo kwa Maskini: Uhakiki wa Fundisho la Muhammad Yunus

Miongoni mwa vitabu vilivyobadili jinsi mashirika ya misaada, na hata makanisa, yanavyomtazama maskini, kitabu cha Muhammad Yunus kiitwacho Banker to the Poor kina nafasi ya mbele. Kilitoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 1997, kisha kwa Kiingereza. Na mwaka 2006 mwandishi wake, pamoja na benki ya Grameen aliyoiasisi, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika makala hii tunakusudia kukipima kwa vipimo viwili: maisha ya watu wa wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, na mafundisho ya Kanisa juu ya riba. Mchungaji wa leo hukutana na mkopo katika vikundi vya akina mama, katika mashauri ya ndoa, na hata mazishini, pale wanaomdai marehemu wanapoombwa wajitokeze. Hawezi kukaa kimya juu ya jambo hili.

Yunus alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, alipokuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh. Asimulia kwamba watu 42 walihitaji kwa jumla dola 27 tu ili watoke mikononi mwa wakopeshaji wa kijijini. Juu ya tukio hilo ajenga hoja tatu. Kwanza, mkopo ni haki ya binadamu. Pili, maskini aweza kuaminiwa pasipo dhamana ya mali, kikundi cha watu 5 kikimsimamia. Tatu, maskini hana haja ya kufundishwa kwanza. Ujuzi wa kuishi anao tayari, anachokosa ni mtaji.

Hoja ya pili twaipokea kwa shukrani. Kwa miaka mingi tulimgawia maskini unga na mitumba, nayo mabenki yakamdai hati ya nyumba. Wachache walimwuliza angeweza kufanya nini. Hata hivyo fikra hii si ngeni katika Ukristo wa Kiinjili. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wakulima huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, akisukumwa na imani yake. Nasi tunavyo VICOBA, ambamo wanachama hununua hisa kwa fedha zao wenyewe, hukopeshana, na faida huwarudia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya jamii vya namna hii.

Hoja ya tatu hatuwezi kuikubali, na Kibaha yenyewe yatupa sababu. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki zilitia sahihi mapatano ya mradi uliojengwa pale: shule ya sekondari, kituo cha afya, na kituo cha mafunzo kwa wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Msingi wake ulikuwa kwamba umaskini, ujinga na maradhi hupigwa vita kwa pamoja. Mfugaji aliyekopa fedha za vifaranga asijue chanjo yuko hatarini: mdondo ukiingia bandani kuku hufa, lakini deni halifi.

Kisarawe yatufunza jambo jingine, ambalo ni majira. Grameen ilizoeza ulimwengu marejesho ya kila wiki. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 400,000, wa kulipwa kwa wiki 16, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho. Riba ni shilingi 56,000, na rejesho la kila wiki ni shilingi 28,500. Kwa kuwa mkopaji hupunguza deni kila wiki, kwa wastani hubaki na karibu nusu tu ya fedha hizo, hivyo riba halisi yakaribia mara mbili ya ile aliyotangaziwa. Mwuza maandazi wa Maili Moja apata fedha kila siku, labda ataweza. Lakini mkulima wa Maneromango, ambaye muhogo wake hukaa shambani miezi 9 au zaidi, na korosho huvunwa mara moja kwa mwaka, atalipa kwa nini? Atakata miti achome mkaa, au atakopa kwingine ili alipe huku.

Haishangazi basi kwamba majaribio 6 yaliyofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na matokeo yake kuchapishwa pamoja mwaka 2015, yalionyesha kwamba mikopo midogo huwasaidia baadhi ya watu, lakini kwa wastani haikubadili kipato cha kaya kwa kiasi kikubwa.

Lililo zito zaidi kwetu ni kikundi. Yunus akisifu kama shule ya umoja. Lakini jirani aliyedhamini akilazimika kulipa deni la mwenzake, udugu hugeuka kuwa udai. Na wakopeshaji wengine hubeba godoro na masufuria. Wananchi wamekwisha kuipa mikopo hiyo jina lake: kausha damu. Torati yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo uhai wa mtu (Kumb. 24:6). Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1540 kwa wachungaji, aliagiza kwamba mla riba asiyetubu anyimwe Sakramenti. Nao utaratibu wa hazina ya usharika wa Leisnig, wa mwaka 1523, uliwakopesha mafundi waliofilisika, na aliyejitahidi akashindwa kulipa alisamehewa. Ni haki kukumbuka kwamba Grameen nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ililegeza masharti ili mkopaji aliyekwama apangiwe upya malipo yake.

Basi tuseme nini? Hoja ya kwanza yahitaji kusahihishwa: haki ya maskini ni kuishi, na mkopo ni chombo kimoja tu cha kuilinda. Kanisa limekwisha kuingia katika kazi hii. Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliasisi mwaka 1975 chama kinachoitwa leo Oikocredit, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ilisimama nyuma ya kuanzishwa kwa Maendeleo Bank mwaka 2013. Kila usharika unaofungua mlango kwa mkopeshaji, awe wa nje au wetu wenyewe, hauna budi kumwuliza mambo matatu: riba halisi ni kiasi gani, marejesho yafuata majira gani, na atafanywa nini mjane aliyeshindwa kulipa. Asiyeweza kujibu swali la tatu asipewe ukumbi wa usharika.